Mbawakawa, si mende

Wajerumani wana mdudu wanayemwita Maikäfer. Nusu ya kwanza ya jina ni mwezi wa Mei. Nusu ya pili humshawishi mfasiri aandike "mende". Asikubali. Mende wa jikoni ni wa ukoo mwingine kabisa. Huyu, Melolontha melolontha kwa jina la kisayansi, ni mbawakawa halisi: mbawa za mbele ni magamba magumu ya kahawia yanayofunika zile laini za kurukia. Vipapasio vyake huchanua kama upepeo, vibamba 7 kwa dume na 6 kwa jike, uzuri unaostahili jina sahihi.

Anapatikana sehemu kubwa ya Ulaya, penye malisho na mashamba yaliyo jirani na miti. Mei ni mwezi wake wa kuonekana tu, akila majani ya mialoni kwa majuma machache. Kabla ya hapo buu lake hukaa ardhini miaka 3 hadi 4, likitafuna mizizi. Wakulima wa Ufaransa wamelipa buu hilo jina lake lenyewe: ver blanc, yaani mnyoo mweupe.