Kilango cha Mpandafarasi

Mtafsiri mwenye haraka akikutana na jina la Kiingereza hunting gate ataandika "geti la kuwinda", na msomaji wa hapa Gazi, pwani ya Kenya, atapotea papo hapo. Huku Kwale ukitaja geti na wanyama kwa pamoja, mtu huwaza geti la hifadhi ya Shimba Hills, watalii wanapolipia kiingilio. Tena uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Sasa hilo geti la kuwinda liko wapi, na anawinda nani?

Kinachotajwa ni kitu kidogo chenye busara kubwa. Katika karne ya 18 na ya 19 sheria za Bunge la Uingereza ziligawa malisho ya pamoja, mashamba yakazungushiwa ua wa miti ya miiba, na waliowinda mbweha kwa farasi wakajikuta wamezibiwa njia. Geti la kupitisha mkokoteni lilikuwa pana, futi 10 au zaidi, na zito. Kulifungua kulitaka mtu ashuke. Kwa hiyo katika ua pakawekwa geti jembamba, la futi 5 hivi, farasi wapite mmoja mmoja. Komeo lake lina mkono mrefu uliosimama wima, ili aliye juu ya tandiko alifikie. Hata kiboko cha mwindaji kiliundwa kwa kazi hiyo: mpini wake wa pembe umepinda kama bakora. Mkono mmoja unashika hatamu, wa pili unalivuta komeo kwa ule mpindo, geti linasukumwa, farasi anapita, kisha geti linarudishwa kabla ng'ombe hawajatoka. Yote hayo mpandaji hajagusa ardhi.

Sisi watu wa pwani hatujakosa maneno ya milango. Tuna mwimo, kizingiti, bawaba, komeo, kitasa, tumbuu, na mfaa, ule ubao wa katikati unaoziba mwanya mbao mbili zinapokutana. Hapa Gazi ndipo ilipo nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896. Imetumika kama shule, na mlango wake wa kuchonga ulipelekwa Fort Jesus, Mombasa. Mlango wa aina ile umeundwa kwa mtu wa miguu. Unainua mguu, unavuka kizingiti, ndipo unaingia. Farasi hakufikiriwa kabisa, na aliyemzuia ni mbung'o. Inzi huyo yupo hadi leo katika misitu ya Shimba Hills, na ugonjwa wa nagana anaousambaza humwangusha farasi upesi. Mnyama asiyedumu katika nchi haachi msamiati wa mageti. Ndiyo maana tunalo zizi na miti ya kulifunga, lakini hatuna jina la geti linalofunguliwa na mtu aliyepanda mnyama.

Pendekezo langu ni kilango cha mpandafarasi. Geti ni Kiswahili safi siku hizi, sina ugomvi nalo, ila huja na picha ya mabati mapana na mlinzi aliyeketi kando. Lango ni kubwa zaidi, linafaa ngome na mji. Kilango ni mlango mdogo, na pia ni njia nyembamba ya kupenya, na hivyo ndivyo geti hili lilivyo hasa: mwanya katika ua, upana wa farasi mmoja. Ile ki- ya mwanzo imefanya kazi ambayo vinginevyo ingehitaji sentensi nzima. Neno mpandafarasi linaeleza kilango kinamfaa nani, na habari za mbweha zinabaki Uingereza zilikotoka. Komeo lake tuliite komeo la mkono mrefu, maana ndivyo linavyoonekana.

Basi mtafsiri mwenzangu, ukilikuta jina hili, liache lile la kuwinda. Andika kilango cha mpandafarasi, na mara ya kwanza mwambie msomaji kwamba hufunguliwa bila kushuka.