Ubatizo wa Watoto Wachanga na Ubatizo wa Waamini

Kitenzi kubatiza kina asili yake katika neno la Kigiriki baptizein, lenye maana ya kuchovya au kuzamisha majini, na nomino yake, ubatizo, ni jina la tendo ambalo kwalo mtu huingizwa katika Kanisa kwa maji na kwa jina la Utatu. Wakristo walio wengi wanaafikiana kuhusu maji na kuhusu jina hilo. Wanachobishania ni nani anayestahili kubatizwa, na hapo ndipo mazoea ya Kiswahili huweka ubatizo wa watoto upande mmoja na ubatizo wa watu wazima upande wa pili. Istilahi hii ya pili, ingawa imeenea, inapotosha.

Kanisa Katoliki, ambalo hubatiza watoto wachanga, hubatiza pia watu wazima katika Mkesha wa Pasaka, baada ya kuwapitisha katika ukatekumeni, yaani kipindi cha mafundisho na malezi ambacho Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alitaka kichukue miaka minne. Isitoshe, Sheria za Kanisa hilo za mwaka 1983 humchukulia mtoto aliyetimiza miaka saba kuwa ana matumizi ya akili, hivyo hubatizwa kwa kanuni za watu wazima, ilhali katika Kiswahili cha kawaida hakuna amwitaye mwanafunzi wa darasa la pili mtu mzima. Wabaptisti na Wamenoniti, kwa upande wao, hawaangalii miaka ya mtu bali ungamo lake: akiikiri imani kwa kinywa chake mwenyewe, hata kama bado ni kijana mdogo, hubatizwa. Kwa hiyo istilahi inayofaa ni ubatizo wa waamini.

Hata hivyo, istilahi hiyo isisomwe kana kwamba wanaobatiza watoto wachanga hawajali imani. Kwao mtoto hubatizwa katika imani ya Kanisa, inayotamkwa na wazazi pamoja na wasimamizi wake, kisha yeye mwenyewe huithibitisha ukubwani, kama Walutheri wafanyavyo katika kipaimara. Desturi yenyewe ni kongwe: Tertullianus wa Karthago, mnamo mwaka 200 hivi, alishauri watoto wacheleweshwe, na ushauri huo unaonyesha kuwa tayari walikuwa wakibatizwa. Baadaye Agostino aliitetea kwa fundisho la dhambi ya asili, naye Calvin, katika karne ya 16, akaitetea kwa kuulinganisha ubatizo na tohara ya agano la Ibrahimu.

Mgogoro ulifikia kumwaga damu mjini Zürich. Mnamo Januari 1525 baraza la mji liliamuru watoto wote ambao hawajabatizwa wabatizwe ndani ya siku nane. Tarehe 21 ya mwezi huohuo, wapinzani wa amri hiyo wakiwa wamekusanyika ndani ya nyumba, Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, aliyekuwa padri, naye Blaurock akawabatiza wenzake. Mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa katika mto Limmat hadi kufa, tarehe 5 Januari 1527. Waliitwa Waanabaptisti, yaani wabatizaji upya, jina walilolikataa kwa hoja kwamba walichotendewa wakiwa wachanga hakikuwa ubatizo, hivyo hapakuwa na cha kurudiwa. Mwandishi wa Kiswahili anayelifasiri jina hilo moja kwa moja huwa ameshatoa hukumu ya washtaki wao. Ni haki zaidi kulibakiza kama lilivyo na kulieleza. Wamenoniti waliofika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934, ni wa ukoo huohuo wa kiimani.

Ubatizo wa maji mengi, ambao Wapentekoste na Waadventista husisitiza, ni suala jingine kabisa, kwa kuwa unataja namna ya kubatiza na si mbatizwa: Waorthodoksi huzamisha watoto wachanga mara tatu, ilhali Wamenoniti wengi huwamiminia maji waamini wao kichwani. Mkanganyo huzidi pale Mlutheri anapohamia kanisa la Kipentekoste na kuingizwa mtoni, kwani kanisa alilotoka husema amebatizwa mara ya pili, nalo kanisa linalompokea husema amebatizwa. Anayetaka kuandika habari hiyo bila kuegemea upande hana budi kueleza tendo lenyewe, kwamba alinyunyiziwa maji utotoni na kuzamishwa ukubwani.