Kutoka Kasoro ya Mashine hadi Wajibu wa Pamoja: Historia ya Udhibiti wa Hamoniki katika Gridi za Umeme za Marekani, 1893–2014

Hamoniki ni mikondo au volteji ambazo frikwensi yake ni kigawe cha frikwensi ya msingi. Katika gridi ya hezi 60, hamoniki ya tatu ina hezi 180 na ya tano hezi 300. Zikijumlishwa na wimbi la msingi, umbo la wimbi hilo hupotoka, na mota na transfoma hupata joto la ziada. Historia ya tatizo hili inaweza kusimuliwa kama historia ya vifaa. Insha hii inatetea hoja kwamba kilichobadilika zaidi ni jibu la swali moja: nani abebe mzigo wa kuzidhibiti?

Mwanzoni mzigo ulikuwa wa mtengenezaji. Mwaka 1893, mjini Hartford, Connecticut, mota ilipata joto kupita kiasi. Wahandisi walilichambua wimbi kwa hisabati ya Joseph Fourier, wakabaini kuwa njia ya kusafirishia umeme ilikuwa ikizikuza hamoniki kwa rezonansi. Baadaye wasanifu wa jenereta walisambaza koili katika mifuo mingi ili wimbi liwe laini zaidi. Mwaka 1916, Charles Proteus Steinmetz alishughulikia hamoniki ya tatu inayotokana na chuma cha transfoma kilichofikia ukomo wa usumaku. Alipendekeza muunganisho wa pembetatu, ambamo mkondo huo huzunguka ndani ya koili bila kutoka kwenye nyaya.

Katika miaka ya 1920 na 1930 tatizo lilivuka mipaka ya mashine. Nyaya za simu zilipita sambamba na nyaya za umeme, na hamoniki zikasikika kama kelele katika mazungumzo. Hakuna mtambo uliokuwa umeharibika, lakini mmoja alimdhuru mwingine. Kampuni za umeme na mfumo wa simu wa Bell zililazimika kufanya utafiti wa pamoja. Suala la usanifu likawa suala la ujirani.

Mabadiliko makubwa zaidi yalifuata ujio wa thairista mwishoni mwa miaka ya 1950. Vifaa vya kugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu vilienea viwandani. Kifaa cha mapigo sita huzalisha hamoniki ya 5, ya 7, ya 11 na ya 13. Katika hali bora ya kinadharia, ile ya 5 hufikia asilimia 20 ya mkondo wa msingi. Chanzo sasa kilikuwa kwa mteja, na kapasita za kurekebisha kipengele cha nguvu ziliweza kusababisha rezonansi.

Mwongozo wa IEEE 519, uliotolewa mwaka 1981 na kusahihishwa mwaka 1992, uligawa wajibu. Mteja alipaswa kudhibiti mkondo anaouingiza kwenye gridi. Kampuni ya umeme ilidhibiti volteji, ambayo upotovu wake wa jumla haukupaswa kuzidi asilimia 5 hadi kilovolti 69. Kipimo kilichukuliwa mahali mteja anapoungana na wengine. Kwa kiwango hichohicho cha volteji, mteja mkubwa kwa kulinganisha na nguvu ya gridi, yaani pale mkondo wa shoti haufiki mara 20 ya mkondo wake, aliruhusiwa asilimia 5 tu. Yule ambaye uwiano wake unazidi 1,000 aliruhusiwa 20. Kigezo hakikuwa usafi wa mashine, bali uwezekano wa kumdhuru jirani.

Hata hivyo, mgawanyo huo una pengo. Hadi toleo la mwaka 2014, mwongozo ulikuwa utaratibu unaopendekezwa. Hupata nguvu pale unapoingizwa katika mikataba au kanuni. Aidha, unamwona zaidi mteja mkubwa anayeweza kugharimia vichujio, kuliko maelfu ya kaya zenye vifaa vidogo vya kielektroniki. Toleo la mwaka 2014 liliruhusu asilimia 8 ya upotovu wa volteji katika gridi zisizozidi kilovolti 1. Kwa upande mwingine, kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-3-2 huweka ukomo kwenye kifaa chenyewe, hadi ampea 16 kwa kila fezi. Kwa vifaa hivyo vidogo, mzigo unarejea kwa mtengenezaji, pale ulipoanzia.