Kukhu Aliitwa Mhalifu, Mimi Naitwa Mteja

Wasee, hii ni ya waliofikisha 18. Wengine someni historia tu.

Juzi nililipa 600 kwa glasi moja ya bia huko Westlands. Jamaa wa kaunta akanieleza inapikwa kidogo kidogo, kwa mkono, bila haraka. Nikamkumbuka kukhu wangu, Kakamega. Alikuwa anakaanga unga wa mahindi uliochachuka, anachanganya na wimbi iliyooteshwa, anangoja. Busaa ikiiva, wazee wanazunguka nyungu moja, kila mtu na mrija wake. Hiyo ndiyo ilimlipia babangu karo. Siku moja walikuja usiku, wakamwaga nyungu yote, wakaenda na yeye.

Mwaka huu nimezunguka nikionja. Murang'a nilipewa muratina: asali, maji, na lile tunda refu la mti wa mwegea, likiwa limekaushwa. Tamu, halafu inauma kidogo nyuma ya ulimi. Mzee alimwaga tone chini kwanza, akabariki, ndio tukanywa. Kaloleni, mgema alishuka na mnazi wa asubuhi, mtamu kama juisi. Jioni nikaonja ule ule: umekuwa mkali, mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyeongeza kitu. Ni saa tu zimepita.

Sasa swali: kama tulikuwa na hizi zote, nani alituambia ni za aibu?

Rudi miaka ya 1920. Mwaka wa 1922, walowezi walianzisha Kenya Breweries. Mwaafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakati huo huo, manispaa ya Nairobi ilifungua ukumbi wake wa pombe Pumwani, ikauza pombe ya kienyeji na kuweka faida. Mama aliyepika ile ile nyumbani kwake, mtaa huo huo, alishikwa na kutozwa faini. Kwa hivyo shida haikuwa pombe. Shida ilikuwa ni nani anashika pesa.

Uhuru ukaja, tabia ikabaki. Mwaka wa 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kwa sheria yake maalum. Ni 2010 ndio ikaruhusiwa tena, kwa masharti. Katikati hapo, watu walipika gizani, wengine wakatia methanoli, Wakenya wakapofuka, wakafa. Sisemi sheria isiwe. Pombe isiyopimwa inaua, na nimezika jirani. Nasema ukimfukuza mpishi anayejua kazi, anayebaki ni yule hajali.

Kukhu hayuko tena, na hakumfundisha mtu. Baba alikataa kujifunza, ati ni kazi ya polisi kukufukuza. Nimeuliza mashangazi wangu wote: hakuna anayejua alikuwa anangoja siku ngapi.

Kwa hivyo kabla hujalipa 600 yako, piga simu ushago. Uliza nyanya yako alipika nini, na vipi. Andika. Mimi nilichelewa.