Kukomboa na Kukinga: Mtoto wa Ufipa tangu Karema hadi Kaoze



Wapendwa waamini, baadhi ya wazazi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wametuuliza kama nchi yetu iko tayari kuwakinga watoto dhidi ya ukatili na utelekezaji. Swali hilo halijibiwi kwa kusoma sheria za leo peke yake. Tunaomba mtuvumilie juma hili turudi nyuma, tuanzie Karema.

Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambacho Wabelgiji walikuwa wamekijenga mwaka 1879. Biashara ya utumwa ilikuwa bado inaendelea pande zote mbili za ziwa, na misafara ilivusha watu kutoka Kongo kuelekea pwani. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao, kwa kuwa mtoto hukamatwa kwa urahisi na husahau njia ya kwao. Tena si wote waliotekwa vitani. Wapo waliowekwa rehani na ndugu zao wenyewe wakati wa njaa au kwa sababu ya deni, na rehani isipokombolewa, mtoto alipotea. Jambo hili wazee hawapendi kulisimulia. Ni rahisi zaidi kumlaumu mgeni aliyenunua kuliko mjomba aliyeuza.

Wamisionari waliwakomboa watoto hao kwa kuwalipia, wakawalea misioni. Aliye mashuhuri kuliko wote katika historia yetu hakuwa hata wa huku. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, kisha akakombolewa na mapadre hao. Alisomeshwa udaktari huko Malta, akafika Karema mwaka 1889, na hapo akatibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa muda wa zaidi ya miaka 60 watu wa ziwani walitibiwa na mtu ambaye zamani alikuwa na bei sokoni.

Tunamshukuru Mungu kwa Atiman. Hata hivyo kukomboa ni kazi inayokuja baada ya mtoto kuumizwa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alilitambua jambo hili. Ndiyo sababu mwaka 1888 alizunguka miji ya Ulaya akihubiri kwamba soko lenyewe livunjwe, maana anayelipia mtoto mmoja leo hajazuia mwingine kuibwa kesho. Kukomboa na kukinga ni mambo mawili, nasi tangu wakati ule tumekuwa hodari katika la kwanza.

Sheria zilikuja polepole. Waingereza walipiga marufuku utumwa Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 1937 wakatunga sheria ya watoto na vijana, ambayo kwa sehemu kubwa ilishughulika na mtoto aliyekosa kuliko mtoto aliyekosewa. Serikali huru iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ikatunga sheria kali ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, kisha Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Sheria hii ya mwisho inaipa serikali ya mtaa na kijiji wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lake, na inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Haisemi mzazi tu, wala mwalimu tu.

Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Nusu hivi tu ya wasichana hao walikuwa wamewahi kumwambia mtu yeyote. Kwa maoni yetu hiyo nusu iliyonyamaza ndiyo kipimo cha utayari wa nchi. Serikali ilistahili sifa kwa kuthubutu kuhesabu na kutangaza, jambo ambalo mataifa mengi yalikuwa hayajalifanya. Mpango wa kitaifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, ulianza mwaka 2017/18, ukataka ziwepo kamati hadi ngazi ya kijiji.

Lakini sheria zenyewe zimegongana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, na ile kali ya mwaka 1998, inayoulinda usichana hadi miaka 18, ikamwachia nje ya ulinzi huo aliye mke wa mtu akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vya ndoa ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Miaka mitano baadaye Bunge lilikuwa bado halijavibadilisha.

Turudi kwetu bondeni. Februari 2013, katika bonde hili la Rukwa, mtoto wa shule mwenye ualbino alikatwa mkono akirudi nyumbani. Miaka hiyo, sehemu mbalimbali za nchi, watoto kama yeye walikusanywa katika vituo na shule za bweni ili wasalie hai. Tofauti na Karema ya 1885 iko wapi? Mtoto asiye na hatia akawekwa nyuma ya ukuta, mbali na mama yake, na aliyemwinda akabaki kijijini.

Utelekezaji nao una sura yake hapa. Mkoa wetu unalisha mikoa mingine mahindi, lakini utafiti wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Mwaka 2022 walikuwa bado karibu nusu. Hatusemi kila mtoto aliyedumaa ametelekezwa. Maradhi na ufukara vina sehemu yake. Ila tunajua pia magunia yanayouzwa yote mwezi Julai, na mtoto wa miaka 2 anayeshinda na dada yake wa miaka 7 hadi jua lizame.

Linalotuuma zaidi ni desturi ya kumalizana. Binti anaharibiwa, koo mbili zinakaa, ng'ombe wanatajwa, na ifikapo siku ya kesi hakuna shahidi. Ile ni rehani ya zamani iliyorudi kwa jina la upatanisho, na tunasikitika kwamba mara nyingine viongozi wa Jumuiya wameitwa kuibariki kwa sala.

Kanisa lenyewe halina ruhusa ya kujitoa hapo. Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake Vos estis lux mundi ya Mei 2019, iliyorekebishwa mwaka 2023, aliwafunga mapadre na watawa wajibu wa kutoa taarifa kwa askofu wanapojua kwamba mhudumu wa Kanisa amemdhulumu mtoto, na alitaka kila jimbo liwe na njia iliyo wazi ya kupokea malalamiko. Siri ya kitubio inabaki siri ya kitubio, lakini maneno ya barazani si kitubio.

Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na ipo simu ya watoto, 116, isiyotozwa. Tatizo ni kwamba simu ya nyumbani iko mfukoni mwa baba au mjomba, na kutoka Kaoze hadi Sumbawanga ni kuupanda ukingo wote wa bonde, tena masika njia ni matope. Kwa hiyo tumeiomba kila Jumuiya ichague mwanamke mmoja na mwanamume mmoja ambao mtoto anaweza kuwakimbilia kwa miguu, nao watafikisha habari kwa afisa mtendaji na polisi, si kwa wazee wa ukoo. Majina yao yatabandikwa mlangoni mwa kanisa Dominika ijayo. Mwenye sababu ya kumpinga yeyote kati yao atuone kabla ya Misa ya kwanza.