Kumbandika punda mkia

Kumbandika punda mkia ni mchezo wa watoto unaochezwa hasa katika sherehe za siku ya kuzaliwa. Picha kubwa ya punda asiye na mkia hutundikwa ukutani. Kila mtoto, kwa zamu yake, hufunikwa macho, huzungushwa mara chache, kisha hupewa mkia wa karatasi au wa uzi na kujaribu kuubandika mahali pake. Anayeufikisha karibu zaidi na mahali hapo ndiye mshindi.

Mchezo huu ulienea kutoka Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na sasa unajulikana katika nchi nyingi. Hauhitaji kifaa cha dukani: boksi kuukuu, kalamu na vipande vya uzi vinatosha. Kwa kuwa picha inaweza kubadilishwa, hutumika sana katika sherehe zenye mada, yaani zile ambazo mapambo, keki na michezo yote hufuata jambo moja, kama vile wanyama, bahari au anga. Nguvu na mbio hazimsaidii mchezaji, kwa hiyo mtoto mdogo kuliko wote anaweza kushinda.

## Jina

Jina la mchezo kwa Kiingereza humtaka mchezaji aubane mkia juu ya punda kwa pini, kwa sababu zamani kila mkia ulikuwa na pini yake. Katika nchi za Amerika ya Kilatini jina la Kihispania husema tu "mwekee punda mkia". Siku hizi pini imeachwa katika nyumba nyingi na mahali pake kutumika selotepu au gundi, ndiyo maana "kubandika" hueleza vizuri zaidi jinsi mchezo unavyochezwa leo.

## Historia

Katika miaka ya 1880 zilivuma nchini Marekani karamu ambazo kivutio chake kikuu kilikuwa punda wa karatasi au wa kitambaa. Picha hizo zilichapishwa na kuuzwa pamoja na mikia iliyokatwa kando. Wakati huo wachezaji hawakuwa watoto peke yao. Watu wazima nao walialikana jioni kufungwa macho na kuchekana. Baadaye mchezo ulihamia zaidi katika sherehe za watoto na kubaki huko.

Punda anayepoteza mkia anajulikana pia katika fasihi ya watoto. Katika kitabu Winnie-the-Pooh cha mwandishi Mwingereza A. A. Milne, kilichotolewa mwaka 1926, punda Eeyore hupotelewa na mkia wake, na unapopatikana hupigiliwa tena kwa msumari. Kwa sababu hiyo Eeyore huchorwa mara nyingi badala ya punda wa kawaida katika sherehe zinazofuata mada ya kitabu hicho.

## Kanuni

Mchezo huwafaa watoto kuanzia umri wa miaka 4 hivi. Wachezaji 4 hadi 12 wanatosha kwa picha moja. Wakizidi hapo, kusubiri zamu huwachosha, na ni afadhali kutundika picha mbili na kugawa makundi mawili.

Kwa kawaida mchezo huendeshwa hivi:

1. Watoto wote huitazama picha kwa karibu na kuonyeshwa alama ya mahali pa mkia.
2. Zamu hupangwa kwa kuokota vikaratasi vyenye namba. Katika familia nyingi mwenye sherehe hupewa nafasi ya kuanza.
3. Mchezaji husimama mita 2 au 3 kutoka ukutani, hufunikwa macho, hupewa mkia wenye jina lake na kuzungushwa polepole mara 3.
4. Msimamizi humwelekeza uso upande wa picha na kumwachia.
5. Mkia hubandikwa pale unapogusa mara ya kwanza. Kupapasa picha ili kutafuta mahali hakuruhusiwi.
6. Mkia huachwa hapohapo hadi wote wamalize. Kisha umbali kati ya kila mkia na alama hupimwa kwa rula au kwa kamba.

Wengine hucheza kwa ukimya kamili. Wengine huwaruhusu watazamaji kuelekeza kwa sauti: "Kulia!", "Juu kidogo!", "Rudi!" Namna hii ya pili ina faida moja kubwa: wanaosubiri nao wanakuwa na kazi. Makelele ya maelekezo yanayopingana huwa ni sehemu ya kichekesho.

Wawili wakilingana, wote wawili huhesabiwa washindi. Ni desturi pia kumpa zawadi ndogo yule aliyebandika mbali kuliko wote, ili kicheko kisiishie kwenye aibu.

## Vifaa na utengenezaji

Karibu kila kifaa hupatikana nyumbani:

* ubavu wa boksi kubwa, au karatasi mbili za manila zilizounganishwa;
* penseli au mkaa wa kuchorea, na kalamu ya wino mzito au rangi;
* uzi wa sufi, katani, vipande vya kitambaa au karatasi kwa ajili ya mikia;
* selotepu, au gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji mzito;
* vipande vya kitambaa safi vya kufunika macho.

Picha yenye urefu wa sentimita 60 hadi 100 inatosha. Punda huchorwa kwa ubavu, na umbo lake hurahisishwa: kiwiliwili cha yai, miguu minne iliyonyooka, shingo, kichwa na masikio marefu. Asiyejiamini kuchora huweza kuanza na miraba. Picha ndogo ya kitabuni hugawanywa kwa mistari kuwa miraba midogo, boksi hugawanywa kwa idadi ileile ya miraba mikubwa, kisha kila mraba hunakiliwa peke yake.

Mkia wa punda halisi haufanani na wa farasi. Wa farasi una singa ndefu kuanzia juu, lakini wa punda ni mwembamba na una kishungi mwishoni tu, kama wa ng'ombe. Ili kuutengeneza, nyuzi tatu za sentimita 20 husukwa pamoja, hufungwa fundo karibu na mwisho, na sehemu iliyobaki chini ya fundo huchambuliwa iwe kishungi. Juu huwekwa duara la selotepu lililokunjwa ili gundi itazame nje. Kila mkia huandikwa jina la mtoto, au husukwa kwa uzi wa rangi tofauti.

Picha hutundikwa chini kiasi kwamba alama ya mkia iwe sawa na kifua cha watoto wa umri wa kati. Ikiwekwa juu sana, warefu hupata nafuu isiyo ya haki.

Kazi hii inaweza kuwa sehemu ya sherehe yenyewe. Wageni wanaofika mapema husuka mikia yao wenyewe, na mtoto aliyetengeneza mkia kwa mikono yake huucheza kwa hamu zaidi.

## Kubadilisha mada

Kanuni za mchezo hazibadiliki mada inapobadilika. Hubadilika vitu vitatu tu: picha, kitu kinachobandikwa na kisa kinachosimuliwa kabla ya kuanza. Kwa hiyo mada haiongezi gharama, na boksi lilelile huweza kugeuzwa na kuchorwa upande wa pili kwa sherehe nyingine. Mifano ya kawaida ni hii:

* Wanyamapori: tembo asiye na mkonga, au twiga anayebandikwa doa lake la mwisho.
* Shamba: jogoo aliyepotelewa na unyoya wa mkia. Unyoya halisi uliooshwa huweza kutumika.
* Bahari: papa asiye na pezi la mgongoni, au jahazi linalosubiri tanga.
* Anga: bendera ya kusimikwa juu ya mwezi, au roketi inayotafuta kituo chake.
* Maharamia: ramani ya kisiwa, ambapo kila mtoto huweka msalaba mahali anapodhani hazina imefukiwa.
* Mpira wa miguu: mpira unaobandikwa kwenye pembe ya juu ya goli.
* Magari: basi lililokosa gurudumu.

Picha nzuri ina pengo moja lililo wazi, ambalo hata mtoto wa miaka 4 huliona bila kuelezwa. Tembo asiye na mkonga huonekana mara moja kuwa ana upungufu. Maua mengi yanayosubiri ua moja zaidi hayana mvuto huo. Kisa kifupi nacho husaidia, kwa mfano: "Jogoo huyu hawezi kuwika mpaka arudishiwe unyoya wake."

## Kwa nini wachezaji hukosea

Kosa la mchezaji lina sababu ya kimwili. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, ambayo huuarifu ubongo kuhusu mzunguko wa kichwa. Mwili unapoanza kuzunguka, majimaji hayo huchelewa kidogo kuufuata. Mwili unaposimama ghafla, huendelea kusogea kwa sekunde kadhaa. Katika muda huo ubongo hupata habari kwamba mwili bado unazunguka, safari hii kwa upande wa pili. Kwa kawaida macho husahihisha habari hiyo. Macho yakifunikwa, mchezaji hujirekebisha kwa mzunguko ambao haupo, na hivyo huenda upande.

Hata bila kuzungushwa, binadamu asiyeona njia hupinda. Mwaka 2009 mtafiti Jan Souman na wenzake, katika Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walionyesha kwamba watu waliofungwa macho na kutakiwa kutembea moja kwa moja uwanjani huishia kuzunguka katika duara, mara nyingine lenye kipenyo cha chini ya mita 20, huku wakiamini kwamba wamenyooka. Katika umbali wa mita 2 au 3 za chumbani mpindo huo ni mdogo, lakini huongezeka juu ya kizunguzungu.

Kwa sababu hiyo walimu huweza kuutumia mchezo huu kufundishia milango ya fahamu: mara ya kwanza mtoto hucheza bila kuzungushwa, mara ya pili baada ya kuzungushwa, kisha umbali wa makosa mawili hulinganishwa.

## Usalama na afya

Hatari kuu ya mchezo wa zamani ilikuwa pini mkononi mwa mtoto asiyeona anakokwenda. Selotepu huiondoa. Sumaku ndogo, ambazo wengine huzitumia juu ya mlango wa jokofu, hazifai kwa watoto wadogo. Mtoto akimeza sumaku mbili au zaidi, zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa.

Kitambaa kimoja kinachopita kwenye macho ya watoto wote kinaweza kusambaza maambukizi ya macho, yakiwemo macho mekundu na trakoma, yaani ugonjwa wa vikope, ambao katika baadhi ya maeneo ya Afrika Mashariki bado husababisha upofu. Kinga yake ni rahisi: kila mtoto awe na kitambaa chake mwenyewe, au kipande cha karatasi kilichotobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi. Mfuko wa plastiki hauvikwi kichwani kwa hali yoyote.

Njia kati ya mchezaji na ukuta huondolewa meza, viti na nyaya, na mchezo hauchezwi karibu na ngazi, jiko au dirisha la vioo. Mtu mzima mmoja hutembea kando ya mchezaji mkono ukiwa tayari, bila kumshika.

Baadhi ya watoto huogopa giza la kitambaa. Hao huruhusiwa kufumba macho tu, au kufunikwa na kiganja cha mzazi. Mtoto anayepata kichefuchefu hazungushwi. Badala yake huanza akiwa ameupa ukuta mgongo.

## Watoto wenye ulemavu

Mchezo huu ni miongoni mwa michache ya sherehe ambayo mtoto asiyeona huingia bila kuachwa nyuma, kwa kuwa kila mchezaji hucheza bila kuona. Kinachohitajika ni kumwezesha kuifahamu picha kabla ya kuanza. Uzi hugandishwa juu ya mistari ya mchoro, na wachezaji wote huipapasa kwa vidole kwa muda uleule. Mara nyingi mtoto aliyezoea kujua mahali kwa kugusa huwashinda wenzake.

Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, picha huteremshwa kwa watoto wote, na badala ya kuzungushwa kwa haraka, kila mmoja hubadilishiwa mwelekeo wa kuanzia. Kwa mtoto asiyesikia, ishara ya kuanza hutolewa kwa kumgusa bega.

## Michezo inayofanana

Nchini Japani, watoto hucheza fukuwarai wakati wa Mwaka Mpya. Mchezaji aliyefungwa macho hupanga macho, pua na mdomo wa karatasi juu ya uso mtupu, na sura inayotokea huwachekesha wote. Nchini Ujerumani, katika mchezo wa sufuria, mtoto aliyefungwa macho hutambaa akigonga sakafu kwa mwiko hadi aipate sufuria iliyofunika zawadi, huku wenzake wakimwambia kama amekaribia au yuko mbali. Nchini Meksiko, mchezaji wa piñata hulenga kwa fimbo umbo la karatasi lililojazwa peremende; mchezo huo huhitaji uwanja mpana zaidi na uangalizi mkubwa.

Michezo hii hutofautiana na ile ya kutoa wachezaji, kama kugombea viti muziki unaposimama, ambapo anayekosa hukaa pembeni hadi mwisho. Mara nyingi wa kwanza kutoka ni walewale wadogo na waoga. Katika kumbandika punda mkia hakuna anayetolewa: kila mtoto hupata zamu yake, na mkia wake hubaki ukutani pamoja na ya wenzake mpaka sherehe iishe.