Kikata Stimu, Si Kikata Hamu

Katika rasimu ya istilahi za utangazaji wa michezo iliyonifikia, matokeo yanayomfikia mtu kabla hajatazama marudio ya mechi yameitwa "kikata hamu". Nashangaa neno hili lilipitaje mbele ya watu wanaokula na kunywa kwa Kiswahili. Mwenye kiu akinywa maji amekata kiu. Aliyetamani pilau akaipata amekata hamu. Kikata hamu, basi, ni mechi yenyewe! Kamati iliyoiandaa rasimu imempa mwizi jina la mwenye mali.

Kitenzi kata hakichezewi. Kikiandamana na kiu au hamu, mtu huridhika. Kikiandamana na tamaa, huvunjika moyo. Kwa shauri huamua, kwa roho hufa. Hamu na tamaa zinakaribiana sana kimaana, lakini ukizikata zinakupeleka njia mbili tofauti, na mwenye kuamua njia hizo ni mazoea ya wasemaji. Wasemaji wa Dar es Salaam wameshaamua. Aliyechangamka akaharibiwa raha yake husema "umenikata stimu", na Kariakoo nzima, toka kwa mpiga debe hadi kwa mwenye duka la vitenge, hakuna atakayeuliza maana yake.

Nimeambiwa, kwa dharau nisiyoisahau, kwamba stimu ni neno la mtaani, tena la kukopa. Kariakoo nalo ni la kukopa: limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo nani analiona geni? Stimu naiona ndugu ya stima, jina la umeme kwa Wakenya, na mtazamaji anayesubiri mechi ya watani, Simba na Yanga, ana umeme mwilini kwelikweli.

Wapo pia wanaotetea "kitoboa siri". Siri ipi? Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilipoifunga Simba 5-1, Uwanja wa Benjamin Mkapa wote ulishuhudia. Aliyekuwa kazini akiyangoja marudio ya usiku hakuhitaji kuambiwa neno. Ilitosha mwenye jezi ya kijani ya Yanga apite ameinua mkono, vidole vitano wazi. Hata ukimya unatosha. Mtaa wa Msimbazi, yalipo makao ya Simba, ukinyamaza huku upande wa Jangwani, kwa Yanga, ngoma zinalia, umeshayajua matokeo kabla hujafika nyumbani kuwasha televisheni. Hapo hakuna siri iliyotobolewa, bali kuna stimu iliyokatwa, na istilahi inayopuuza kile alichopoteza mtazamaji haijamsaidia.

Umbo lake halina kasoro: kifungua kinywa, kipaza sauti, kizima moto, kikata stimu. Wingi ni vikata stimu. Mtu ni mkata stimu, kama mkata kuni. Wanaotaka kuliandika kama neno moja watuoneshe kwanza "kifunguakinywa" chao.

Kwa matumizi, mtazamaji aseme "usinikate stimu, sijaangalia mechi", na mtangazaji aonye kwamba kikata stimu kinafuata kabla hajasoma matokeo.

Rasimu nimeirudisha, "kikata hamu" limepigwa mstari mwekundu kila lilipotokea. Kamati ikilirejesha neno hilo katika chapa, jina langu liondolewe kwenye orodha ya waliopitia.